Dawa Zinazoogopa Mwanga

Ergometrini huchomwa mama aliyejifungua ili mji wa mimba ukaze na damu ikome. Huja katika ampuli ndogo, mara nyingi ya kioo cha kahawia, na maji yake yakiwa mazima hayana rangi. Majaribio ya Shirika la Afya Duniani yaliyochapishwa mwaka 1993 yaliipima dawa hiyo katika hali za nchi za joto. Ilipokaa gizani kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, ilipoteza takriban robo ya nguvu yake kwa mwaka mzima. Ilipokaa kwenye nyuzi 21 hadi 25 katika mwanga wa kawaida, usio jua la moja kwa moja, ilipoteza zaidi ya asilimia 20 kwa mwezi mmoja tu, na mwaka ulipotimia zaidi ya asilimia 90 ya dawa ilikuwa imekwenda. Kwa maneno mengine, mwanga ulifanya kwa mwezi kazi ambayo joto kali lilihitaji mwaka kuifanya.

Nyuzi 21 hadi 25 ndizo nyuzi za chumba cha kawaida mchana katika sehemu kubwa ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mtunza dawa wa Tanga au Dar es Salaam hahitaji kipimajoto kujua kwamba stoo yake inachemka. Shati lake humwambia. Mwenzake wa Ngara hufika kazini asubuhi amevaa sweta, hugusa boksi la dawa akalikuta la baridi, akaridhika. Ubaridi huo haumwambii chochote kuhusu mwanga. Mwanga hauna haja ya joto ili uharibu dawa, na jua la nyanda za juu ni kali kuliko linavyohisiwa na ngozi iliyopozwa na upepo.

Wilaya hizi mbili ziko karibu nyuzi 2 na nusu kusini mwa Ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba, na hata katika miezi mingine haliinami sana. Ardhi nayo imeinuka: sehemu kubwa iko kati ya meta 1,200 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kila meta 1,000 za kupanda huongeza miale ya urujuanimno kwa takriban asilimia 10, kwa sababu hewa inayoichuja hupungua. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, mawingu yanapokosekana, stoo yenye dirisha linalotazama mashariki hupigwa na jua tangu saa moja asubuhi.

Kinachotokea ndani ya dawa si kigeni kwa yeyote aliyewahi kuanika kitenge. Nguo iliyokaa kambani miezi hupauka upande unaotazama jua, na upande wa ndani hubaki na rangi yake. Rangi ya nguo ni kemikali. Imefyonza mwanga, vifungo vyake vimekatika, haipo tena. Dawa nyingi zina umbo la namna hiyo hiyo. Molekuli hufyonza chembe ya nguvu ya mwanga, hutikisika, kisha hukatika, hujipanga upya au hushikana na oksijeni iliyo karibu. Mwanga mwekundu na wa njano una nguvu ndogo na aghalabu hauna madhara. Wenye madhara ni urujuanimno usioonekana kwa macho, na baada yake zambarau na buluu. Mfamasia Mjerumani Trommsdorff aliliona jambo hili mwaka 1834 alipokuwa akichunguza santonini, dawa ya minyoo ya zama hizo: fuwele zake nyeupe zilipowekwa juani ziligeuka njano, kisha zikapasuka vipande.

Mwanga hufanya kazi kama deni linalolimbikizwa. Madhara yake hutegemea ukali wake pamoja na muda wake, na dakika za leo hujumlishwa na za jana. Viwanda vya dawa hutumia kipimo cha kimataifa cha mwaka 1996 kinachotaka dawa mpya imulikwe kwa jumla ya luksi milioni 1.2 zikizidishwa kwa saa, kisha ichunguzwe imebaki na nini. Jua la adhuhuri hutoa karibu luksi 100,000. Ukigawanya, jaribio zima la kiwandani huisha kwa saa 12 za jua kali, yaani siku mbili au tatu za boksi lililosahaulika uani. Rafu iliyo karibu na dirisha, yenye luksi 1,000 kwa saa kumi za mchana, hufika hapo hapo baada ya miezi minne. Hesabu hiyo ya pili ndiyo ya kutisha zaidi, kwa kuwa hakuna anayeishtukia. Boksi lililosahaulika uani huonekana na mtu hulikimbilia. Rafu ya dirishani huonekana ni mahali pake.

Kioo cha dirisha hakitoshi kuwa kinga. Huzuia sehemu kali kabisa ya urujuanimno, ile inayobabua ngozi, lakini hupitisha sehemu iliyo jirani na mwanga unaoonekana, pamoja na buluu yote. Ndiyo maana chupa ya dawa hutengenezwa kwa kioo cha kahawia, ambacho humeza miale hiyo na kuacha ile ya njano na nyekundu ipite. Kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani kinataka chombo cha dawa ya kunywa kinachoitwa kinga ya mwanga kisipitishe zaidi ya asilimia 10 ya miale yoyote iliyo kati ya nanometa 290 na 450. Asilimia 10 si sifuri. Chupa ya kahawia hupunguza kasi ya uharibifu bila kuuzuia, na kinga ya kweli ya dawa nyingi ni boksi la karatasi ngumu ambalo watu hulitupa kwanza. Kwa vidonge, karatasi yenye alumini pande zote mbili haipitishi mwanga hata kidogo. Ile yenye plastiki angavu upande mmoja hupitisha karibu wote, na dawa ya namna hiyo ikitolewa kwenye boksi lake ni kama haina nguo.

Orodha ya dawa zinazoharibiwa na mwanga ni ndefu, na mtumishi wa zahanati hukutana nazo kila siku bila kuzitilia shaka. Adrenalini, inayookoa mtu aliyepatwa na mzio mkali, hugeuka pinki kisha kahawia. Furosemaidi ya kupunguza maji mwilini hugeuka njano. Klopromazini, inayotumika kwa wagonjwa wa akili, huanza na njano kisha huelekea pinki au zambarau. Metronidazoli ya dripu hukolea. Vitamini K anayochomwa mtoto mchanga ili asivuje damu, vitamini B mchanganyiko, asidi ya foliki ya wajawazito, matone ya vitamini A, mofini, dayazepamu ya sindano na tetrasaiklini za kila aina zote zimo. Nifedipini inastahili kutajwa peke yake. Hutumika kushusha shinikizo la damu la ghafla kwa mjamzito, na ni miongoni mwa dawa zinazoharibika upesi kuliko zote zikimulikwa nje ya utando wa kidonge chake. Kwa kuwa ni ya njano tangu mwanzo, kuharibika kwake hakuonekani kwa macho.

Jambo hilo linahitaji msisitizo kwa sababu kanuni inayofahamika zaidi mawodini ni ya kuangalia rangi: ikibadilika, itupwe. Kanuni hiyo ni sahihi kwa upande mmoja tu. Ampuli ya ergometrini iliyogeuka njano au kahawia haifai, bila mjadala. Ampuli ambayo bado ni angavu si lazima iwe nzima, maana rangi huchelewa kujitokeza na nguvu ya dawa hutangulia kuondoka. Mkunga anayechoma ampuli ya namna hiyo huona damu haikatiki, huchoma ya pili kutoka trei ile ile, na lawama humwangukia mgonjwa, uzazi wake mgumu au mikono ya mkunga. Dawa haishukiwi.

Mara chache dawa iliyoharibiwa na mwanga huwa na madhara yake yenyewe. Dakabazini, inayotumika kutibu baadhi ya saratani katika hospitali za rufaa kama Bugando ya Mwanza, ambako wagonjwa wengi wa Kagera hupelekwa, ikimulikwa hugeuka pinki na kuzaa kemikali zinazoleta maumivu makali kwenye mshipa. Kwa hiyo hufunikwa tangu kwenye chupa hadi kwenye mrija. Nyingi za dawa nyingine hudhoofu tu, na kudhoofu kwenyewe ndiyo madhara.

Kuna mkanganyiko mmoja unaofaa kuondolewa mapema. Doksisaiklini na kotrimoksazoli husemwa kuwa zina shida na jua, na ni kweli, lakini maana kuu ya hapo ni kwamba humfanya anayezimeza ababuke ngozi upesi akikaa juani. Onyo hilo humhusu mgonjwa, nalo ni mbali na onyo la kukinga chombo. Doksisaiklini inastahili yote mawili, na mgonjwa aliyeelezwa moja tu huenda akaficha vidonge kabatini na kwenda kulima kifua wazi.

Safari ya dawa kutoka Bohari ya Dawa hadi zahanati kwa kawaida si sehemu ya hatari kwa upande wa mwanga, ilimradi maboksi hayajafunguliwa. Hatari huanza mzigo unapovunjwa. Zahanati iliyoishiwa huazima ampuli 20 kutoka kituo cha afya cha jirani. Boksi ni la 100, basi ampuli humwagwa kwenye mfuko na kufungwa nyuma ya bodaboda. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Juni 2019, mfuko huo aghalabu ni ule mbadala wa kitambaa chepesi, ambao una heri kidogo kuliko plastiki angavu lakini bado hupitisha mwanga. Barabara za vumbi za vijiji vya Ngara huchukua saa mbili tatu, na pikipiki husimama njiani juani dereva akinywa chai. Boksi tupu la dawa nyingine, likiandikwa upya jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi, lingemaliza tatizo bila gharama. Hilo la kuandika upya lisiachwe. Ampuli za adrenalini ndani ya boksi lenye jina la oksitosini ni hatari kubwa kuliko mwanga wowote.

Ngara ina historia inayoonyesha jinsi mambo yanavyoweza kubanana. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi na kuzaa kambi ya Benaco. Huduma ya afya ya umati wa namna hiyo huanzia kwenye mahema. Hema la turubai jeupe huzuia mvua na huonekana kuwa na kivuli, kumbe ndani yake mna mwanga wa kutosha kusoma gazeti siku nzima. Mwanga wa kusomea gazeti ni mwanga wa kuharibu ergometrini. Katika mazingira hayo dawa hubaki ndani ya katoni, katoni huwekwa kwenye chaga katikati ya hema badala ya pembeni, na turubai zito la rangi ya giza hutandikwa juu yake huku likiachiwa nafasi ya hewa.

Majengo ya kudumu yana mtego wake. Zahanati nyingi zilizojengwa kwa nguvu za wananchi huwekewa bati moja au mawili ya kupitisha mwanga ili kuokoa umeme, na chumba kinachopata bahati hiyo mara nyingi ni stoo, kwa kuwa haina dirisha kubwa. Mtunza dawa husoma leja bila taa na hufurahi. Juu ya rafu, jua hutembea kutoka ukuta hadi ukuta kila siku. Kama dari haipo, bati hilo lafaa kupakwa rangi nzito au kubadilishwa, na mpaka hapo rafu ya juu kabisa iachiwe pamba, glovu na mabomba ya sindano.

Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni huingia limelala na kufika mbali chumbani. Ya kaskazini na kusini hupata jua la pembeni tu, kila moja kwa msimu wake: la kaskazini katikati ya mwaka, la kusini mwezi Desemba. Pazia la khanga halikingi kitu. Ukiona kivuli cha mkono wako kupitia pazia, dawa nayo inauona mwanga. Kitambaa kizito chenye bitana, au rangi ya mafuta kwenye nusu ya chini ya vioo, hufanya kazi vizuri bila kuzuia hewa ya juu. Rafu zigeuzwe migongo kwa dirisha. Boksi likifunguliwa, mfuniko wake ukatwe upande mmoja tu ili uweze kurudishwa. Taa za tyubu na za LED zina madhara madogo sana zikilinganishwa na jua, lakini stoo isiyo na mtu haina haja ya taa, na betri ya sola itashukuru.

Jokofu hukinga mwanga kwa bahati, si kwa makusudi, na bahati hiyo hupotea pale kituo kinapotumia friji ya soda yenye mlango wa kioo. Ergometrini na oksitosini, ambazo zote hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, huwekwa humo zikiwa zimepangwa kwa uzuri, ampuli moja moja, zikitazamana na dirisha. Oksitosini haijali sana mwanga. Adui yake ni joto. Ergometrini inajali vyote viwili. Ndani ya friji ya kioo ibaki ndani ya boksi lake.

Chumba cha kujifungulia kinastahili kuangaliwa kwa karibu kuliko stoo, kwa sababu dawa iliyokingwa miezi sita stoo inaweza kuharibiwa wiki mbili hapa. Trei ya dharura hukaa mahali panapofikika haraka, na mahali hapo ni kizingiti cha dirisha au meza iliyo chini yake, kwa kuwa meza nyingine zina mizani ya mtoto na vifaa vya kuchemsha. Ndani ya trei kuna ampuli zilizotolewa kwenye maboksi ili zisitafutwe usiku: oksitosini, ergometrini, vitamini K, adrenalini, dayazepamu, furosemaidi. Zimepangwa kwa mistari na zinapendeza, na mkaguzi akija hupewa alama nzuri. Asubuhi jua linaingia, linagusa ukingo wa trei saa mbili, linaijaza saa tatu, linaondoka saa tano. Wiki ikiisha, trei imekusanya zaidi ya saa 14 za jua. Dripu za kuokoa maisha zimetungikwa tayari; dawa ya kusimamisha damu imebaki jina.

Tiba yake ni rahisi kiasi cha kuona haya kuitaja. Ampuli mbili au tatu za kila dawa hubaki ndani ya boksi lake dogo lililokatwa likawa fupi, jina likitazama juu, na boksi hukaa ndani ya trei yenye mfuniko au droo isiyofungwa kwa ufunguo. Kipande cha plasta nje ya boksi huandikwa tarehe lilipotolewa stoo, ili kilichokaa muda mrefu kitumike au kibadilishwe kwanza. Kuna watumishi wenye nia njema ambao huzungushia kila ampuli plasta nyeusi. Hilo ni kosa, kwa sababu jina la dawa hupotea, na usiku wa manane ampuli kumi zilizofungwa plasta hufanana zote.

Dawa ikishavutwa kwenye bomba la sindano imepoteza kioo chake cha kahawia. Isivutwe mapema ikasubiri. Dripu ya kutiririka saa nyingi yenye dawa inayoogopa mwanga hufunikwa kwa karatasi ya alumini au mfuko wa giza uliotoka na dawa, na mrija wake pia ikiwa maelekezo yanataka hivyo. Si kila chupa inahitaji heshima hiyo. Metronidazoli inayoingia kwa nusu saa chini ya taa ya wodi haitapoteza kitu cha maana, na kuifunika huficha kiwango cha maji kilichobaki, jambo ambalo muuguzi anahitaji kuliona. Chupa zake zilizopangwa dirishani kwenye mwanga kwa mwezi ndizo za kuhangaikia.

Sampuli za maabara nazo zimo katika habari hii. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi aliyeitwa Ward alibaini kwamba watoto wachanga wenye manjano waliotolewa juani ngozi yao ilipungua umanjano palipopigwa na jua, na baadaye maabara ya hapo ikaona sampuli ya damu iliyosahaulika dirishani ikiwa na bilirubini kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Ugunduzi huo ndio ulioleta taa za buluu za kutibu manjano. Upande wake wa pili hukumbukwa mara chache: damu ya mtoto inayopelekwa kupimwa bilirubini ikisafiri bila kufunikwa, majibu yatarudi mazuri kuliko hali ya mtoto.

Chanjo ni sura nyingine. Chanjo ya kifua kikuu na ile ya surua na rubela zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, na mwanga huviua. Kwa hiyo huja katika vichupa vya kahawia, na zikishachanganywa na maji yake hutumika ndani ya saa sita au humwagwa. Katika huduma ya mkoba, meza huwekwa chini ya mti saa tatu asubuhi. Kufikia saa sita kivuli kimehama na meza imebaki palepale, kichupa kimechomekwa kwenye sponji ya kibebeo cha chanjo na jua linakiangalia. Meza ihamishwe pamoja na kivuli, na kama kina mama ni wengi kiasi kwamba hakuna nafasi ya kusogea, kibebeo kiwekwe upande wa mwili wa mchanjaji.

Katika maduka ya dawa ya Rulenge, Kabanga, Nyakahura au Biharamulo mjini, biashara huvuta kuelekea kwenye mwanga: bidhaa hupangwa mbele ili zionekane, kabati ni la vioo, mlango uko wazi kutwa. Mwenye duka mjanja hupanga mbele maboksi matupu na kuweka dawa yenyewe nyuma. Vidonge vinavyohesabiwa kutoka kopo la elfu moja na kutiwa kwenye kifuko angavu vitamudu siku tano za dozi bila shida. Vya shinikizo la damu, vinavyotolewa vya mwezi mzima au miezi miwili, visitiwe humo. Dawa zinazotembezwa magulioni zikiwa zimetandazwa chini juu ya turubai zimeshapata zaidi ya jaribio la kiwandani, achilia mbali kwamba kuziuza hivyo ni kinyume cha sheria.

Nyumbani, nyumba ya tope yenye kidirisha kidogo huhifadhi dawa vizuri kuliko sebule mpya yenye kioo cha ukuta mzima. Mahali pabaya ni dirishani, mfukoni mwa koti linalotungikwa uani, na juu ya kenchi chini ya bati, ambapo mwanga ni mdogo lakini joto hukaanga. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakati mwingine humwaga vidonge kutoka kopo kwenda kwenye kitambaa au kifuko, ili visisikike vikigonga na majirani wasijue. Kwa dawa hizo unyevu ni adui mkubwa kuliko mwanga, na kopo lenye kifuko cha kukausha hewa hukinga vyote. Pamba kidogo iliyowekwa juu ya vidonge ndani ya kopo lake hunyamazisha mlio, na siri hubaki siri.

Wafugaji wa Biharamulo wana maradhi hayo hayo ya dawa. Oksitetrasaiklini na ivermektini za sindano huuzwa katika chupa za kahawia ndani ya boksi. Boksi huachwa dukani na chupa hubebwa mkobani machungani, ambako hutolewa, huvutwa, huwekwa juu ya jiwe na kusahaulika hadi ng'ombe wote washikwe. Oksitetrasaiklini iliyokolea rangi huchomwa hivyo hivyo. Ng'ombe asipopona husemwa kwamba ugonjwa umeizoea dawa, na dozi inayofuata huongezwa.

Klorini si dawa ya kumeza wala ya sindano, lakini jua huila upesi kuliko dawa nyingi, na Biharamulo imewahi kuitegemea. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg wilayani humo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, wagonjwa wawili walikuwa wamethibitishwa na wanane kudhaniwa, na wote kumi walifariki. Kuzuia ugonjwa wa namna hiyo hutegemea sana maji ya klorini: ya asilimia 0.05 kwa mikono, ya asilimia 0.5 kwa sakafu na vifaa. Ndoo ya kunawia huwekwa langoni, na langoni ndipo penye jua. Urujuanimno huivunja klorini ikabaki chumvi tu, na klorini ya ndoo nyepesi iliyoachwa wazi juani inaweza kudhoofika kwa saa chache, huku maji yakibaki na harufu inayowaridhisha wapitao. Maji hayo huchanganywa upya kila siku, katika ndoo ya plastiki nzito isiyoonyesha ndani, yenye mfuniko, chini ya kibanda. Unga wake wa kuchanganyia hukaa gizani, pakavu, mbali na dawa zote na mbali na vitu vya chuma, ambavyo mvuke wake huvitia kutu.

Dawa iliyoharibiwa na mwanga haina tarehe mpya ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa juu yake. Tarehe ya kiwandani hudai kwamba imekaa kama ilivyoelekezwa, na ikikosa kukaa hivyo tarehe hiyo haina kazi. Ampuli iliyobadilika rangi, au iliyojulikana kuwa imekaa juani, huondolewa kwenye trei, huhesabiwa, huandikwa kwenye leja kuwa imeharibika pamoja na sababu yake, na hufungiwa kando pamoja na zile zilizoisha muda hadi zitakapoteketezwa kwa utaratibu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Sababu ikiandikwa kwa ukweli, kwamba ilikaa dirishani, stoo inayofuata hupangwa vingine. Ikiandikwa tu kuwa imeisha muda, trei hurudi pale pale kwenye kizingiti.